Uchafu wa Zamani Usiwe Kinga ya Uchafu wa Leo: Barua ya Wazi Kuhusu Mto Lubumbashi na Kafubu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga,
kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Madini na wa Mazingira kule Kinshasa,
kwa Meya wa Lubumbashi na wakuu wa komini zetu saba,

Waheshimiwa, heshima zenu.

Kila mto wetu unapobadilika rangi, kila mama wa bustani anapoona lengalenga zake zimekauka kuanzia ukingoni mwa maji, jibu tunalopewa halibadiliki: uchafu huu ni wa zamani. Ni wa Wabelgiji. Ni wa Gécamines, kampuni ya madini ya taifa. Ulikuwepo kabla ya kampuni yoyote ya sasa kufika. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linafanya kazi vizuri sana. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Katuba. Nawaandikia kwa sababu naona historia ya mito yetu imegeuka kuwa kinga ya watu ambao hawakuwepo wakati historia hiyo inatengenezwa.

Basi tuiseme hiyo historia yote, tusiiogope.

Mto Lubumbashi ni mdogo. Mgeni anayevuka daraja anaweza asijue kwamba amevuka mto uliolipa jiji zima jina lake. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika hapa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri lilitoa shaba yake ya kwanza. Mawe yalitoka Kalukuluku, mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile. Tanuri liliwekwa kando ya mto kwa sababu linahitaji maji, na kwa sababu linahitaji mahali pa kutupa. Kile kilima cheusi kinachopigwa picha na kila mgeni, chenye bomba refu la mita 150 hivi pembeni yake, ni takataka za tanuri zilizorundikwa ukingoni miaka nenda rudi. Ndani yake mlibaki kobalti na zinki kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kingine kilijengwa ili kukiyeyusha upya. Kilichoitwa taka mwaka 1930 kiliuzwa kama mali miaka sabini baadaye. Mvua lakini haikungoja bei ya soko. Ilikuwa imekwisha kuteremsha sehemu yake mtoni.

Bomba nalo lilifanya kazi yake. Moshi wa tanuri ulibeba gesi ya salfa na vumbi la metali, na upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo uliupeleka kaskazini-magharibi. Nendeni Penga Penga mtazame ardhi. Kuna sehemu ambazo miti iliondoka haikurudi. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu huko kupanda jani dogo linaloitwa Microchloa altera, lisiloogopa shaba, wakichanganya udongo na chokaa ili angalau vumbi lisipeperuke na mvua isibebe kila kitu. Kazi nzuri, na ya subira kuliko siasa zetu zote. Lakini ni kazi ya kufunga kidonda, na kidonda chenyewe kilichukua miongo mingi kufunguka.

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za taifa, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo tuliyokuja kuiita Gécamines. Wazazi wetu waliishi kwa Gécamines: shule, hospitali, unga wa mwisho wa mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia mwaka 2003 uzalishaji haukufika hata tani 20,000. Nani wakati huo angefikiria kusafisha mto? Mishahara yenyewe haikuwepo. Sitawahukumu wazee wangu kwa hilo, ingawa najua kwamba hata kwenye miaka ya utajiri mto haukuwa na bajeti yake.

Hapo ndipo historia ya zamani inapoishia. Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliwafungulia mlango wawekezaji, na viwanda vilivyokuja havikuwa vya aina ile ya kwanza. Naomba mnivumilie kidogo, maana tofauti hii ndiyo kiini cha barua yangu, na nimeona wakubwa wengi wakiipita haraka.

Tanuri la zamani liliyeyusha mawe kwa moto. Hasara yake kubwa ilikuwa moshi na ule mlima mweusi. Viwanda vya sasa vingi haviyeyushi kwa moto. Vinaosha kwa asidi. Jiwe linasagwa, linalowekwa katika asidi ya salfuriki, shaba na kobalti zinaingia kwenye maji, halafu shaba inavutwa kwa umeme hadi inashikana kwenye bamba safi. Kinachobaki ni tope na maji: maji machungu yenye asidi, yenye manganizi, yenye salfa, na yenye shaba na kobalti ambazo kiwanda hakikuweza au hakikujali kuzikamata. Maji hayo yanapaswa kutiwa chokaa mpaka asidi iishe. Asidi ikiisha, metali nyingi huganda na kuzama chini kama tope zito, na tope hilo huwekwa kwenye bwawa lililotandikwa karatasi nene ya plastiki ili lisipenye ardhini. Huu si ufundi wa kutoka mwezini. Wanafunzi wangu wanaufanya ndani ya chupa. Na chokaa haiko mbali, mawe yake yanachimbwa Kakontwe, pale Likasi.

Lakini chokaa inagharimu pesa kila siku, na bwawa linagharimu pesa kabla hata ya siku ya kwanza. Mto ni bure. Watu wanaoishi kando ya maji watawaambia ni saa ngapi rangi hubadilika: usiku, na siku za mvua kubwa, wakati kila kitu kinachotiririka kinaonekana ni mvua. Sisemi ni nani, kwa sababu sikushika mkono wa mtu kwenye koki. Na nisingehitaji kusema nadhani ni nani kama pangekuwa na kipimo.

Sasa sikilizeni kinachotokea maji hayo yanapokutana na ile historia. Shaba, kobalti, risasi na kadimi haziozi. Mti huoza, kinyesi huoza, mafuta nayo huliwa polepole na vijidudu. Metali hubaki. Katika maji yasiyo na asidi hushikamana na udongo na kutu ya chuma, zikalala chini kwenye tope, na zinaweza kulala hapo miaka mingi bila kumdhuru samaki anayepita juu. Leta asidi: zinaachia. Zinarudi majini, na maji yanayoonekana safi kabisa yanaingia kwenye matamvua ya kupumulia ya samaki na kwenye mizizi ya mboga. Kwa hiyo anayemwaga asidi leo hamwagi ya kwake tu. Anaamsha na ya mwaka 1925, na ya mwaka 1975. Halafu anakuja mbele yenu na kusema, tazameni, vipimo vinaonyesha metali za zamani!

Za zamani ni kweli. Aliyeziamsha je?

Ndiyo maana namna ya kuuliza "ni uchafu wa nani" imekuwa mchezo ambao wananchi hawawezi kuushinda. Gécamines inasema imebaki na madeni ya wakoloni. Kampuni mpya inasema ilikuta madeni ya Gécamines. Kampuni jirani inasema ni yule wa juu ya mto. Wachimbaji wadogo wanaosafisha mawe yao mtoni wanatajwa na kila mtu kwa sababu hawana wakili. Na mwisho tunaambiwa sisi wakaaji ndio tunaotupa plastiki na kujenga vyoo ukingoni. Hilo la plastiki na vyoo ni kweli, tena ni aibu, na Meya ana haki ya kutukemea. Ila chupa ya plastiki haijawahi kushusha pH ya mto, yaani kile kipimo kinachoshuka asidi inapozidi.

Tarehe 4 Novemba 2025 mchezo huo ulisimama kwa muda. Maji ya bwawa la taka la CDM, kampuni ya madini, yalitoka na kuingia kwenye mitaa ya komini Annexe, watu wakapita ndani yake kwa miguu. Waziri wa Madini alisimamisha shughuli za kiwanda kwa miezi mitatu. Nilisema siku ile na nasema tena: ilikuwa hatua ya haki, na si kila waziri angeichukua. Lakini kiwanda husimama. Maji yaliyokwisha kuingia ardhini hayasimami. Visima vya mitaa ile vinachotwa na watu ambao bomba la REGIDESO, kampuni ya maji ya taifa, haliwafikii, au linawafikia likiwa kavu. Kama tume za uchunguzi zina namba, tunaziomba zote: ni maji ya kisima kipi, siku gani, pH ngapi, kobalti kiasi gani. Tangazo la "hali imedhibitiwa" si namba.

Tuwatazame jirani zetu wa Zambia, maana shaba yetu ni mkanda mmoja hata kama mpaka umepita katikati. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka lilipasuka Chambishi, maji ya asidi yakaingia kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue. Serikali ilitaja lita milioni 50 hivi. Mji wa Kitwe ukafungiwa maji, na ndege za jeshi zikamwaga chokaa mtoni ili kuua asidi. Baadaye wakaguzi wengine walitaja kiasi kikubwa kupita hicho, na kampuni ikakataa. Mtasema ni fujo. Mimi naionea wivu fujo hiyo. Watu wanabishana juu ya namba kwa sababu kuna aliyepima. Huku kwetu tunabishana juu ya rangi.

Na si mto Lubumbashi peke yake. Watafiti walikwisha kuchota tope la Naviundu, la Luano, la mto Ruashi, hata la chemchemi ya Luwowoshi, wakakuta metali za migodi. Yote hayo yanaelekea Kafubu. Kafubu inapita karibu na misheni ya Wasalesiani, inapita mashamba, inaingia Luapula, na Luapula inateremka kaskazini mpaka ziwa Mweru. Njiani iko Kasenga. Mnajua Kasenga: samaki wa soko zetu wametoka huko tangu enzi za malori ya Wagiriki. Tunawapelekea wavuvi maji yetu, wanaturudishia samaki. Niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna watu wanaolaumu migodi kwa kila kitu: mpumbu, yule samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi wakati wa kutaga, alimalizwa na nyavu zamani, si na asidi. Kila msiba na mhusika wake. Ninachoomba ni kwamba kanuni hiyo itumike pia kwa msiba huu.

Miili yetu ilipimwa zaidi ya mito yetu, na hilo ni jambo la ajabu. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda. Watoto walibeba zaidi. Mtoto hucheza chini, hula kwa mikono yenye vumbi, hunywa maji ya karibu. Tangu chapisho hilo bei ya kobalti imepanda na kushuka mara nyingi, nchi ikaitangaza madini ya kimkakati mwaka 2018 na kuipandishia mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, hadi asilimia 10. Nasubiri siku ambayo mkojo wa mtoto wa Ruashi utapewa uzito wa kimkakati.

Waheshimiwa, sheria mnayo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na kinatupa hata wajibu wa kuyatetea, basi msione barua hii kuwa utovu wa adabu. Sheria ya Madini ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema mwenye haki ya kuchimba anawajibika kurekebisha madhara ya shughuli zake hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Hiyo ni sheria kali, na ni nzuri. Lakini bado inataka tuonyeshe kwamba madhara yametoka kwenye shughuli zake. Tunarudi pale pale: bila kipimo cha jana na cha leo, sheria inabaki kwenye karatasi, na wakili wa kampuni anasimama mahakamani akisoma historia ya Union Minière vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo ombi langu. Pimeni mito, na mtangaze. Isiwe mara moja kwa ajili ya kamera. Iwe kila mwezi, juu na chini ya kila mdomo wa mfereji wa kiwanda, na pH ipimwe kila siku, kwa sababu chombo chake ni kidogo na si cha bei ya kutisha. Kazi hiyo ifanywe na Chuo Kikuu chetu pamoja na Wakala wa Mazingira wa Kongo, kampuni ikiwa na haki ya kutazama lakini isishike chupa. Matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa kila komini, kwa Kiswahili na Kifaransa, yasomeke na mama wa bustani kabla hajamwagilia.

Na kwa ajili ya zamani, ichimbwe mihimili ya tope, yaani vipande virefu vinavyotolewa wima kutoka chini ya maji, mahali ambapo tope limetulia tabaka juu ya tabaka. Kuna njia ya kukadiria umri wa kila tabaka kwa kutumia risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho inayopungua kwa kasi inayojulikana, njia inayofika nyuma karibu miaka mia, yaani karibu na siku tanuri lilipowashwa. Likasi nao wanaihitaji: ziwa Tshangalele lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, na mto Panda umekuwa ukilipelekea maji ya viwanda vya Shituru. Tope hilo litasema ni kiasi gani ni cha mkoloni, kiasi gani ni cha taifa, na kiasi gani kimewekwa tangu mlango ufunguliwe mwaka 2002. Kampuni safi itafurahi, kwani itakuwa na cheti cha kwamba haikuongeza kitu. Inayokataa kupimwa itakuwa imetupa jibu lake.

Pesa? Asilimia 15 ya mrabaha inapaswa kurudi kwa maeneo ambako madini yanatoka, na asilimia 25 kwa mkoa. Nimeona sehemu ya fedha hizo ikijenga madarasa na kutandaza barabara, nashukuru kwa madarasa. Tengeni fungu dogo la maji, liandikwe wazi kwenye bajeti, ili mwananchi ajue limeingia kiasi gani na limetoka kwenda wapi. Na anayesema vipimo vitafukuza wawekezaji na kazi, aende Chambishi akaulize bwawa lililopasuka limefukuza nini.

Mkiona hata hilo ni zito kwa mwaka huu, kuna la kuanzia lisilohitaji bajeti. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, wa kemia na biolojia, wanajua kupima pH, wanajua kuandika saa na mahali, na wanajua kwamba kipimo kisichorudiwa si kipimo. Tunachokosa ni karatasi yenye mhuri wenu, ya kuturuhusu kufika kwenye midomo ya mifereji bila kufukuzwa na walinzi. Shule iko tayari kuja kuichukua ofisini kwa Gavana siku yoyote ya juma, asubuhi, kabla ya vipindi.

Kwa heshima,

Mwalimu wa kemia, Katuba, Lubumbashi